Mkono Mwepesi

Wanawake wa Bukoba wakimsifu msusi husema ana mkono mwepesi: akikushika kichwa, nywele zinaota. Mwenye sifa hiyo hafuatwi na majirani peke yao. Wapo wanaopanda gari asubuhi Muleba mjini, kilomita 70 hivi kutoka Bukoba, wakapita saluni za Muhutwe na za Kemondo bila kugeuza shingo, kwa ajili ya mikono miwili iliyoko Kashai au Rwamishenye. Ukiwauliza mikono hiyo ina nini, kila mtu na lake. Huyu atasema ni kipaji, yule atasema ni baraka za bibi yake, na wa tatu atashusha sauti akwambie kuna kitu amechanjwa.

Mimi nimekuwa nikikaa pembeni na kuitazama mikono ya namna hiyo, na naamini wepesi wake una maelezo. Huonekana wazi zaidi ikiletewa kichwa kilichoharibika. Kichwa chenye afya humvumilia hata msusi mbovu. Kinavutwa, kinakaushwa kwa moto, kinabandikwa hiki na kile, na Jumapili bado kinapendeza kanisani. Kichwa kilichokatika hakina akiba ya kusamehe. Hapo ndipo fundi anapojulikana, na jambo la kwanza linalojulikana ni kwamba sehemu kubwa ya ufundi wake ni kuacha.

Mteja wa nywele zilizokatika huja na kilemba kichwani na mfuko mkononi. Mfukoni mna shampuu mbili, kopo la stimingi, mafuta ya kukuza, mafuta ya kuzuia mba, jeli ya kulazia nywele za mbele, na chupa ya kupuliza ambayo maandishi yake yameshafutika. Baadhi ya vitu hivyo vimevuka mpaka wa Mutukula kutoka Kampala, vingine vimetoka Kariakoo, na kila kimoja kilinunuliwa kutibu madhara ya kilichotangulia. Msusi anauchungulia mfuko, anausukuma chini ya benchi kwa mguu, na kusema, "Hebu tuone kichwa kwanza."

Kilemba anakifungua yeye, taratibu, kwa kuwa mteja ana aibu. Haangalii sana, anashika. Vidole vinaanzia kisogoni, vinapanda nyuma ya masikio, vinafuata ukingo wa nywele hadi kwenye paji la uso, kisha vinarudi utosini. Kila mahali pana habari yake. Kisogo husuguliwa na mto na kola ya nguo. Pembeni mwa paji ndipo rasta zinapovuta. Utosi umechomwa na dawa, ukachomwa tena na draya. Anapekua pia ngozi, akitafuta mapunye, vidonda, au sehemu iliyobaki laini na kung'aa bila tundu la unywele. Akikuta mojawapo ya hayo, anasimama hapo hapo. "Hili si la kwangu, dada. Nenda hospitali, halafu urudi." Sentensi hiyo peke yake inamtenganisha na wengi, maana ni vigumu kumrudisha mteja ambaye tayari amekaa kwenye kiti na pesa iko mkononi. Tanzania ina wataalamu wa ngozi wanaoweza kumsikiliza mtu mwenye tatizo kama hilo. Tangu mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko Moshi kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo kumpeleka mtu hospitali si kumtupa.

Ngozi ikiwa salama, anachukua unywele mmoja, anaulowesha kwa mate ya kidole au maji ya kikombe, anauvuta. Wenye afya hurefuka kidogo ukarudi. Uliokula dawa hurefuka, haurudi, unakatika. Ndipo maswali yanaanza.

"Mara ya mwisho umeweka dawa lini?"

"Mwezi wa nne."

"Na kabla ya hapo?"

"Wa pili."

"Usiku unalala na nini kichwani?"

"Hivi hivi tu."

"Pole, waitu," anasema, bila lawama ndani ya sauti. Ameshapata alichokitaka.

Anachopaswa kumwambia mteja baada ya hapo hakipendezi: nywele zilizoharibika haziponi. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna damu, hauna neva, hauna uhai. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, na umbo lake hushikiliwa hasa na vifungo vya aina mbili. Kuna vifungo vyepesi, vya haidrojeni, ambavyo maji huvifungua na ukavu huvifunga upya. Ndivyo vinavyofanya nywele zilale namna moja zikiwa mbichi na namna nyingine zikikauka. Kuna pia vifungo vizito vya salfa, na hivyo ndivyo vinavyolengwa na dawa ya kunyooshea. Katika kipimo cha pH, ambacho maji safi husoma 7, dawa nyingi za nywele husoma kati ya 12 na 14. Utafiti uliochapishwa Afrika Kusini mwaka 2019 ulionyesha kuwa dawa hizo, zikiwemo zinazouzwa kwa ajili ya watoto, zina ukali wa kuunguza ngozi. Kifungo cha salfa kikishavunjwa namna hiyo hakirudi kilivyokuwa. Kopo linaloahidi kurekebisha nywele linaweza kuzifunika, kuzilainisha, kuzipa mng'ao wa siku kadhaa, lakini halina uwezo wa kuzirudisha.

Kinachorudi ni nywele mpya. Vipimo vya kitaalamu vimeonyesha kuwa nywele za Waafrika hukua wastani wa robo ya milimita kwa siku, ambayo ni sentimita 9 hivi kwa mwaka. Kwa macho huonekana pungufu ya hapo kwa sababu hujikunja. Na kujikunja huko ndiko kunakozifanya ziwe dhaifu kuliko zinavyodhaniwa: kila kona ya unywele wa kipilipili ni mahali unapoweza kuvunjika, na mafuta ya asili ya ngozi hushindwa kuteremka kona zote hizo hadi kwenye ncha. Nywele tunazoziita ngumu, kwa kweli, ndizo zinazohitaji mkono wa taratibu kuliko zote.

Mwenye kibanja hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Jani la mgomba likichanwa na upepo, hakuna anayelishona. Anakata yaliyokauka, anapunguza machipukizi, anawaacha mama, mtoto na mjukuu kwenye shina moja, anamwaga samadi na kutandaza nyasi chini, kisha anangoja. Msusi anayejua kurudisha nywele anafanya kazi ya kibanja: anahudumia shina na kusubiri kitakachoota.

Kwa hiyo anaanza kuondoa. Dawa ndiyo ya kwanza, na hapo hakuna mjadala. Cha pili ni moto, na katika mji huu moto una historia yake. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma, na hata siku isiyo na mvua hewa itokayo ziwani imejaa unyevu. Nywele zilizonyooshwa kwa draya au pasi zimefungwa kwa vile vifungo vyepesi tu. Zikikutana na hewa hiyo, vinaachia. Mteja anatoka saluni amenyooka, na kabla hajafika Soko Kuu mizizi imeshaanza kujikunja. Kesho anarudia pasi, inayoweza kupita nyuzi joto 200. Keshokutwa tena. Mwishowe anachoka, anaamua kuweka dawa ili amalize ugomvi na hali ya hewa, na hapo ndipo anapoingia kwenye njia iliyomleta na kilemba. Fundi anaugeuza ugomvi huo. Unyevu wa ziwa ni adui wa nywele zilizonyooshwa, lakini kwa nywele zilizoachwa zijikunje unapunguza ukavu, na ukavu ndio unaovunja ncha. Bukoba ina hewa ambayo mwanamke wa Dodoma angeitamani kichwani mwake.

Cha tatu ni uzito: rasta ndefu, mawigi ya kushonewa, jeli inayokauka ikawa ganda. Cha nne ni ule mfuko chini ya benchi. Vinavyobaki vinaenea kwenye kikapu kidogo: shampuu moja isiyo kali, kondishona moja, chupa moja ya mafuta, chanuo lenye meno mapana, uzi mweusi, na kitambaa laini cha kulalia.

Kuhusu mafuta, wateja wana maswali mengi kuliko yote. Bibi zetu walikuwa na siagi. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu ng'ombe alitoa kinywaji na kipodozi pia. Leo watu huulizia nyonyo, nazi, na parachichi, ambalo huku Kagera halina gharama. Majibu ya fundi ni mafupi. Nyonyo ni nzito, inafunika vizuri, lakini asikwambie mtu inaotesha. Nazi inaingia ndani ya unywele. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa mafuta ya nazi hupunguza upotevu wa protini kwenye nywele, kazi ambayo mafuta ya alizeti na yale ya madini hayakuiweza. Na parachichi? "Parachichi ni la kula, mwanangu. Utalishiba kuliko utakavyolipaka. Ukilipondea kichwani tutakesha tukitoa nyuzi zake."

Kisha anaosha, na hapa mtazamaji asiye na subira huchoka. Kichwa kinagawanywa mafungu manne. Matatu yanabanwa, moja linafanyiwa kazi. Shampuu inawekwa kwenye ngozi tu, kwa nyama ya vidole, kucha zikiwa mbali. Povu linaloteremka linatosha kusafisha urefu wote. Wengi hutumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, na ni chaguo zuri kwa sababu ni laini, hutoa povu upesi na husuuzika vizuri. Baada ya hapo anamwaga kondishona ya kutosha hadi nywele ziteleze, kwa sababu unywele mbichi huvutika kwa urahisi na kukatika kwa urahisi vilevile. Vidole vinatangulia chanuo. Chanuo nalo linaanzia kwenye ncha, sentimita chache. Likipita bila kukwama linapanda juu kidogo, kisha juu tena, hadi kufika kwenye ngozi. Mkono wa pili muda wote umeshika shina la fungu hilo ili mvuto usifike kichwani. Asiyejua huanzia juu, akasukuma mafundo yote yakakutana chini, halafu akalaumu nywele kuwa ni ngumu.

Niliwahi kudhani anaangalia chanuo. Anasikiliza. Unywele unaokatika hutoa mlio mdogo mkavu, na akiusikia anasimama, anarudisha chanuo nyuma, anaongeza maji. Redio inapigwa, wateja wanacheka, bodaboda zinapita nje, na yeye bado anausikia.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni uzi. Vijana wengi wa mjini huuona mtindo wa vijijini, au wa watoto, na saluni kubwa nyingi hazisuki uzi tena. Kwa kichwa kinachorudi, ndio unaochukua nafasi ya draya. Nywele zikiwa na unyevu kidogo na mafuta mepesi, msusi anagawa fungu dogo kwa mkia wa kichana, mstari ukiwa umenyooka kutoka paji hadi kisogo. Anakunja uzi mara mbili, anauzungusha kwenye shina raundi chache za kushikilia, kisha anateremka, kila mzunguko ukiacha nafasi kidogo, hadi kwenye ncha anakofunga. Fungu linakaa limenyooka. Maji yanapokauka, vile vifungo vyepesi vinajifunga upya katika umbo hilo. Draya hufanya kazi hiyo hiyo kwa dakika 20 za moto. Uzi hufanya kwa usiku mmoja, bila kuunguza chochote. Asubuhi anaanza kuufungua kutoka chini, na nywele zilizokuwa zimejikusanya kichwani zinashuka hadi kwenye shingo.

Ugumu wote uko kwenye raundi zile za kwanza. Zikilegea, uzi unateleza na kazi imeharibika. Zikikazwa, shina linavutwa. Kipimo hakiko kwenye kitabu chochote. Kiko katikati ya kidole gumba na cha shahada. Fundi akimaliza fungu huligusa shina lake, akaangalia ngozi. Ikiwa imeinuka kama kipele, anafungua na kuanza upya, hata kama mteja hajalalamika. Wateja wetu ni wagumu kulalamika. Tumezoea kwamba kusukwa ni kuumia, na kwamba usiku wa kwanza mtu ameze Panadol ndipo alale. Nyusi zikivutwa hadi macho yakawa membamba, tunaambiwa tumependeza.

Mvuto huo una gharama yenye kumbukumbu ya zamani. Mwaka 1907 iliandikwa habari ya wanawake wa Greenland waliopoteza nywele za ukingoni kwa sababu ya kufunga mkia kwa kukaza, nchi ya barafu ambako hakuna aliyewahi kusikia habari za rasta. Karne moja baadaye, huko Cape Town, daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake walipima wanawake na kukuta karibu mmoja katika kila watatu ana upotevu wa namna hiyo. Jambo la kutia moyo ni kwamba mvuto ukiachwa mapema, nywele hizo huota tena. Ukiendelea kwa miaka, matundu hufunga. Kwa hiyo msusi anayefungua fungu lililokazwa hapotezi muda wake. Anaulinda ukingo ambao mteja atauhitaji akiwa na miaka 50.

Uzi si mali yetu peke yetu. Mpiga picha wa Nigeria J. D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kukusanya picha za mitindo ya wanawake wa kwao, akafikisha picha karibu 1,000, nyingi zikiwa zimepigwa kutoka nyuma ili kazi ya msusi ionekane vizuri kuliko sura ya msukwaji. Ndani yake imo mitindo ya uzi iliyosimama wima kichwani kwa ufundi wa kushangaza. Mwaka huo huo wa 1968, hapa kwetu, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokataza sketi fupi, mawigi na vipodozi vya kuchubua ngozi kuanzia Januari 1969. Baadaye ikaja kalikiti na mafuta yake yaliyochafua mito na kola, ikaja dawa, ikaja mitindo ya kushonea. Bajeti ya mwaka 2019 ikayatoza mawigi na nywele bandia ushuru wa asilimia 25 kwa za kutoka nje na asilimia 10 kwa za kutengenezwa nchini. Wanasiasa na wafanyabiashara wamekigombea kichwa cha mwanamke kwa zamu. Uzi mweusi ulikuwepo dukani wakati wote huo, na bado ni wa bei ndogo.

Ukitaka kuona ufundi huu ulipojificha, panda Kamachumu au nenda Nshamba Jumamosi mchana. Mkeka umetandikwa barazani, migomba imekaribia kugusa ukuta, na msichana amekaa chini kati ya magoti ya shangazi yake. Ikiwa ni Novemba kuna sahani ya senene inayopita mkono kwa mkono, na shangazi hagusi hadi amalize mstari, maana vidole vyenye mafuta ya senene havigawi njia. Hana kioo wala kiti cha kuzunguka. Anasuka twende kilioni kwa dakika chache, au mabutu ya uzi kwa mdogo wake, na mstari wake haupindi. Wasusi kadhaa wa mjini wenye sifa ya mkono mwepesi wametokea kwenye baraza kama hizo. Walichojifunza saluni ni kutumia draya, na walichokileta kutoka nyumbani ni kujua wakati wa kutoitumia.

Tatizo ni kwamba wasichana wengi hawakai barazani muda wa kutosha. Shule nyingi huwataka wakate nywele fupi, na ni rahisi kuelewa sababu: maji, muda, usawa. Lakini msichana anamaliza kidato cha nne akiwa hajawahi kuishi na nywele zake mwenyewe. Hajui zinakauka upesi au polepole, zinataka mafuta kiasi gani, zinajikunja vipi mvua ikinyesha. Miezi michache tu baada ya mtihani anaziwekea dawa. Amebadilisha kitu ambacho hajakutana nacho. Akirudi kwa msusi miaka miwili baadaye na kilemba, sehemu ya matibabu ni utambulisho ambao ungefanyika mapema.

Kwa mtu kama huyo, njia ya mkato ni kunyoa zote na kuanza sifuri. Wapo wanaoichagua, na inapendeza. Lakini huku kwetu mwanamke aliyenyoa kipara huulizwa njiani amefiwa na nani, na si kila mtu ana nguvu ya kujibu swali hilo kuanzia Bilele hadi Hamugembe. Fundi anamwachia mteja uamuzi. Asiyetaka kunyoa anapunguziwa kidogo kidogo: kila baada ya wiki sita au nane, sentimita moja au mbili za ncha iliyokufa zinakwenda, na huku juu mpya inaongezeka. Katikati kuna mstari ambapo nywele mpya inakutana na ya dawa, na mstari huo ndio mahali dhaifu kuliko pote. Msusi anaupata kwa kidole bila kuangalia. Mtindo wowote anaouchagua katika miezi hiyo, iwe uzi, iwe kusokota mbili mbili, unachaguliwa ili mstari huo usisumbuliwe. Mteja anaona mtindo. Fundi anaona kivuko.

Hadi hapa sijagusa kazi ambayo kwangu ndiyo kipimo cha mwisho cha msusi: kufumua. Kusuka kuna sifa, kuna picha za simu, kuna majirani wa kuuliza umesuka wapi. Kufumua hakuna. Watu wengi hufumua nyumbani usiku, wamechoka, wakikata rasta kwa wembe na kukisia nywele zao zinaishia wapi. Fundi hupenda kufumua mwenyewe. Anakata mbali na ncha, anafungua kwa mkia wa kichana, na akifika kwenye shina, pale vumbi na mafuta vilipogandamana, anadondosha mafuta na kuachanisha kwa vidole kabla maji hayajagusa kichwa, maana maji yakitangulia fundo hilo hukaza likawa si la kufunguka tena.

Kisha linatoka bonge la nywele, na mteja anashtuka. Hapo fundi anafanya hesabu. Mtu hupoteza kwa kawaida nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zilizosukwa haziwezi kudondoka, zinabaki humo humo. Wiki sita ni siku 42, kwa hiyo bonge la nywele 2,000 hadi 4,000 ni deni la kawaida linalolipwa kwa mkupuo. Lakini hamwachi mteja aamini hesabu tu. Anachomoa chache na kuzishika kwenye mwanga wa mlango. Unywele uliodondoka wenyewe una kichwa kidogo cheupe upande mmoja. Usio nacho umekatika. Akipata nyingi zenye vichwa, anatulia. Akipata fupi fupi zisizo navyo, anajua mtindo uliopita ulikazwa, au ulikaa muda mrefu mno, na anabadilisha mpango kabla ya kuosha. Sijaona ukaguzi wa hesabu ulio mwaminifu kuliko huo, na unafanyika juu ya kipande cha gazeti.

Ndiyo maana bei za saluni zetu hunikera kidogo. Hupangwa kwa kinachoongezwa: rasta paketi ngapi, dawa ya aina gani, mtindo mrefu au mfupi. Msusi akimshauri mteja apumzishe kichwa miezi mitatu, asukwe uzi tu na kukatwa ncha, amejipunguzia mapato kwa mdomo wake mwenyewe. Anayefanya hivyo hulipwa baadaye, na mteja asiyehama na anayemleta dada yake, lakini kodi ya chumba haingoji baadaye. Wapo walioanza kutoza kufumua na kuosha kama kazi inayojitegemea, kwa bei inayokaribia ya kusuka, na wateja wananung'unika kwamba wanalipia kuvuliwa nywele. Nadhani wasusi hao wana haki. Saa tatu za kufumua bila kukata ndizo zinazoamua kama saa tano za kusuka zitapata cha kushika, na anayetaka mkono mwepesi aanze kwa kuulipa ukiwa kwenye kazi hiyo.